Dakika Tatu za Maharusi Kuingia

Mlango wa ukumbi unafunguka, wapambe wanatangulia kwa madaha, kisha bwana na bibi harusi wanaingia wakicheza. Uso wa bibi harusi, mweusi wa kung'aa, unabaki na rangi yake mpaka anafika meza kuu, na ukumbi nyuma yake umezama kwenye zambarau. Ukiitazama video hiyo kwenye televisheni kubwa huoni chenga. Wenzangu wawili wa kazi wameshaniuliza nilitumia kamera gani. Nitawajibu, ila swali hilo linakuja mapema mno, kwa sababu ukumbi ule wa Dar es Salaam haukuwa na giza. Ulijaa taa, nyingi kuliko viti vya meza kuu, ila zote zilielekezwa kwenye kuta, vitambaa na maua. Hakuna hata moja iliyokumbuka kwamba kuna watu watapita.

Waliotutangulia, enzi za kanda za VHS, walikuwa na dawa moja tu: kijana mwenye taa ya halojeni pembeni ya kamera, na waya mrefu wa kuwakwaza mashangazi. Tunazijua video hizo. Sura zimepauka kama zimepakwa unga, macho yamekunjwa, na nyuma ya maharusi kuna giza totoro, utadhani walifunga ndoa kwenye handaki. Kosa halikuwa ukali wa taa bali ukaribu wake. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Taa ikiwa mita 1 kutoka usoni, mtu akarudi nyuma mita 1 nyingine, anabaki na robo ya mwanga, na aliye mita 4 nyuma yake anaambulia makombo. Kwa hiyo bibi harusi akicheza mbele na nyuma, anawaka na kuzimika kama kimulimuli.

Mimi taa zangu mbili za LED nilizisimamisha kwenye stendi za mita 3, kama mita 6 kutoka katikati ya zulia. Kwa umbali huo, hatua nzima ya kurudi nyuma inampunguzia mtu kama robo tu ya mwanga, na kamera inavumilia. Zote mbili zilikuwa upande wa pili wa zulia, siyo upande niliosimama, na mbele yake zimefungwa kitambaa cheupe kipana. Hapa nina ugomvi na mafundi wengi. Tumefundishwa kwamba ngozi nyeusi "inakula mwanga", basi tunaipiga taa kali ya mbele mpaka inakuwa ya kijivu. Ngozi nyeusi inapendeza kwa kile inachokiakisi. Ipe kitu kipana na cheupe kwa pembeni, itachora shavu na paji la uso yenyewe, bila wewe kuongeza nguvu ya taa. Zangu zilikuwa chini ya nusu ya uwezo wake, na hakuna mgeni aliyekinga macho.

Zilitumia betri. Sikutaka waya ukatize zulia.

Kazi ngumu ilikuwa ya mdomo. Nilifika saa kumi jioni, wapambaji wakiwa bado juu ya ngazi, nikamfuata fundi wa taa za ukumbi.

"Mkuu, zambarau iache ukutani. Kwenye zulia nipe nyeupe, wimbo mmoja tu."

"Mtu wa mapambo akiniuliza?"

"Mwambie mama bibi harusi anataka kumwona mwanawe."

Nilikuwa sijaongea na mama yeyote. Lakini sababu yangu ilikuwa ya kweli. Kihisi cha kamera kimejaa vinukta vinavyosoma rangi, na katika kila vinne, viwili ni vya kijani, kimoja chekundu na kimoja cha bluu. Zambarau ina bluu ndani yake, na taa ya LED ya bluu ikimwangukia mtu, anasomwa na robo ya vinukta hivyo peke yake. Hivyo vinajaa hadi kufurika huku vingine vikiwa karibu tupu, na kipimo cha mwanga, ambacho hutegemea zaidi kijani, kinakudanganya kwamba picha bado ni nyeusi. Unafungua lenzi zaidi, bluu inaungua zaidi. Ukifika kwenye kompyuta kuhariri, rangi ya ngozi huipati, kwa sababu haikurekodiwa. Chenga unaweza kuzipunguza kwa programu. Uso wa bluu utabaki wa bluu.

Sasa lenzi. Mwaka 1975 Stanley Kubrick alitoa filamu ya Barry Lyndon, yenye sehemu zilizopigwa kwa mwanga wa mishumaa kwa kutumia lenzi ya Zeiss ya milimita 50 yenye f/0.7, iliyotengenezwa kwa ajili ya NASA. Wapiga video tunaisimulia hadithi hiyo kama ngano, tukiisifu lenzi. Tunasahau kwamba waigizaji ilibidi watulie karibu kama sanamu, maana fokasi ilikuwa nyembamba mno. Bibi harusi wa Dar es Salaam hatulii. Lenzi ya milimita 85 kwa f/1.4, mtu akiwa mita 3, inakupa kama sentimita 10 za fokasi: jicho limo, sikio limetoka. Nikachukua ya milimita 35 nikaifunga hadi f/2.8. Hapo nilipoteza robo tatu za mwanga, nikapata zaidi ya mita moja ya fokasi, na maharusi wote wawili pamoja na msimamizi wakaonekana vizuri hata wakiyumba.

Kamera, haya, ilikuwa Sony FX3. Ukiwa kwenye mfumo wake wa kurekodi wa S-Log3 ina ISO mbili za msingi, 800 na 12,800. Anayeogopa akaweka 6,400 anapata chenga nyingi kuliko aliyeweka 12,800. Mistari ya pundamilia, ile inayoonya mwanga ukizidi, niliiweka asilimia 94, ambako S-Log3 inaishia, nikahakikisha inatokea kwenye balbu tu na shela haiguswi.

Shata ilikuwa 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Katikati ya wimbo umeme ukakatika. Ukumbi ulizimika, zikabaki taa zangu mbili na maharusi wakicheza bila muziki, wageni wakiwapigia makofi. Sekunde hizo ndizo nzuri kuliko zote, na sikuzipanga. Kisha jenereta likawaka, likiwa halijakaa kwenye hezi 50, na mistari ya giza ikaanza kupanda ukutani nyuma yao. Nilichelewa kusogeza shata. Vipande vya namna hiyo huwa tunavifunika kwa picha ya kamera ya pili, lakini kamera ya pili ilikuwa ikiangalia keki.

Mama bibi harusi aliipenda video. Aliposimuliwa habari ya fundi wa taa alicheka, halafu akarudisha nyuma kidogo, akasimamisha.

"Mwanangu, hii mistari nayo ni ya mapambo?"