Vijikaratasi vya James Murray

Kiingereza kina neno apricity, nalo ni joto la jua linalomfikia mtu katika siku ya baridi. Mtu wa Njombe au Limuru aliyewahi kuota jua asubuhi ya mwezi wa Julai, mgongo kauegemeza ukutani, anaijua raha hiyo hata kama neno lenyewe hajawahi kulisikia. Waingereza wengi nao hawajalisikia. Henry Cockeram aliliweka katika kamusi yake ya mwaka 1623, na watunzi wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford walipokuja kulitafutia ushahidi, walimkuta Cockeram peke yake.

Cockeram alikuwa akifuata desturi ya wakati wake. Kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, ile ya mwalimu Robert Cawdrey, ilitoka mwaka 1604 ikiwa na maneno kama 2,500, na yote ni ya wale waliotaka kuelewa maneno magumu ya wasomi, hasa yenye asili ya Kilatini, Kigiriki na Kifaransa. Nani angepoteza wino kumweleza Mwingereza maana ya mbwa, au ya kwenda? Hivyo kamusi zilianza kwa kukusanya maneno adimu, na mpaka leo wapenzi wa lugha hiyo hupeana maneno adimu kama watu wanaoonjeshana halua.

Utamu huo naujua, wala siudharau. Horace Walpole alipomwandikia rafiki yake barua mwezi Januari 1754, alitunga neno serendipity kwa ajili ya bahati ya kupata jambo jema ambalo hukulitafuta. Alilitoa katika hadithi ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, na Serendip ndiyo Sarandibu ya Waarabu, yaani kisiwa cha Sri Lanka, kilichojulikana na mabaharia wa Bahari ya Hindi karne nyingi kabla Walpole hajazaliwa. Petrichor nalo lilitungwa na wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, mwaka 1964. Ni ile harufu inayopanda ardhini mvua ya kwanza inapodondoka baada ya kiangazi kirefu. Walieleza kwamba mawe na udongo mkavu hunyonya mafuta ya mimea, na unyevu ukija huyafukuza yapande hewani. Anayekaa Dodoma na kuinusa mvua ya Novemba anajua wanasema nini.

Lakini kila neno la namna hiyo limetufikia kwa sababu kuna mtu aliyekaa kitako akalinakili, akaandika amelikuta wapi na lini. Kazi ya watu hao ndiyo ninayotaka kuisifu, na katika wote namweka mbele James Murray.

Alizaliwa mwaka 1837 katika kijiji cha Denholm, Scotland, mtoto wa fundi cherehani, akaacha shule akiwa na miaka 14. Mengine alijifundisha mwenyewe. Mwaka 1879, akiwa mwalimu wa shule karibu na London, alikabidhiwa uhariri wa kamusi, ndiyo hiyo ya Oxford, iliyokuwa imeanzishwa na Chama cha Filolojia tangu 1857 na ikakwama. Alichopokea ni magunia na masanduku ya vijikaratasi, uzito wake kama tani mbili. Gunia moja lilikuwa na panya aliyekufa. Vijikaratasi vya herufi H vilikutwa Florence, Italia, na baadhi ya vile vya Pa vilikuwa vimekaa katika zizi la farasi huko Ireland, vingine vimekwisha kuwashia moto.

Kijikaratasi chenyewe kilikuwa nusu ya karatasi ya barua. Juu, upande wa kushoto, liliandikwa neno. Chini yake ukafuata mwaka, jina la mwandishi, jina la kitabu na ukurasa, kisha sentensi nzima ambamo neno hilo lilitumika. Hapakuwa na nafasi ya maoni ya msomaji. Murray alitoa wito kwa kila anayesoma Kiingereza, na watu wa kujitolea wakamtumia mamilioni ya karatasi hizo kwa posta. Walikuwamo walimu, mapadri, akina mama wa nyumbani, hata daktari mmoja Mmarekani aliyefungiwa katika hospitali ya wahalifu wenye maradhi ya akili. Watoto wa Murray walilipwa visenti kwa kuzipanga kwa alfabeti. Yeye mwenyewe alifanyia kazi katika banda la mabati uani kwake, na wakati wa baridi alivaa koti zito na kutia miguu sandukuni ili upepo usimpige.

Hapo ndipo ufundi unapoonekana. Neno adimu halimsumbui mhariri: lina karatasi mbili au tatu, unazisoma, unaandika maana, unaendelea. Kazi ngumu iko kwenye maneno madogo. Mtu anayetaka kuamini na achukue kitenzi chetu piga, ajaribu kukieleza maana. Tunapiga simu, pasi, picha, mbizi, hodi, kura na magoti. Ni maana ngapi hizo, ipi ilizaa ipi, na ni wapi useme hii sasa imekuwa maana mpya? Mhariri wa Oxford aliyefikia neno set alikuwa na rundo la aina hiyo, ila la maelfu. Alizitandaza karatasi mezani, akazigawa katika mafungu kwa maana, akalipanga kila fungu kuanzia mwaka wa zamani zaidi, kisha akakuta karatasi moja isiyokubali kukaa popote, akavunja mafungu na kuanza tena. Wiki zilipita kwa neno lenye herufi tatu. Kwangu mimi subira hiyo inashinda apricity kumi.

Watu hao hawakuwa malaika. Sehemu ya kwanza ilipotoka mwaka 1884, African liliachwa nje, kwa kanuni kwamba vivumishi vya majina ya mahali havina nafasi katika kamusi, lakini American likaja kuingia. Baadaye Murray aliandika katika utangulizi kwamba huenda kanuni hiyo ilishikwa kwa ukali mno. Bondmaid, yaani kijakazi, nalo lilikosekana katika sehemu ya baadaye, kwa kuwa karatasi zake zilipotea na zikaonekana kitabu kimekwisha kuchapwa. Moja liliachwa kwa kanuni, jingine kwa bahati mbaya, lakini msomaji wa pwani hii, penye historia ya masoko ya watumwa ya Zanzibar na Kilwa, hawezi kuyapita mapengo hayo mawili haraka.

Na ushahidi ukikosekana, hata neno lisilokuwapo huzaliwa. Mwaka 1931 mhariri wa kemia wa kamusi ya Webster ya Marekani aliandika karatasi kueleza kwamba D au d ni kifupisho cha density, msongamano. Kwa Kiingereza hiyo "D or d" ilisomwa kwa pamoja, na toleo la 1934 likatoka na neno dord, lenye maana ya msongamano. Lilikaa humo miaka mitano ndipo mhariri mmoja akashtuka kwamba halina asili. Hakuna kinywa kilichokuwa kimelitamka.

Murray alifariki mwaka 1915 akiwa katika herufi T. Kamusi ilikamilika 1928, maneno 414,825, na mifano ya matumizi zaidi ya milioni 1.8.

Kwetu, mmisionari Johann Ludwig Krapf aliyaandika maneno ya Mombasa na Rabai tangu miaka ya 1840, na kamusi yake ikatoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikafuata karibu karne moja baadaye, 1981. Bado kuna maneno mengi yako vinywani tu, kwa mafundi wa majahazi, wasusi wa ukili, wavuvi wa pweza na wakulima wa karafuu, na wengi wao ni wazee. Msomaji, ukilisikia neno usilolijua, usiliandike peke yake. Andika sentensi nzima kama ilivyosemwa, mahali, tarehe, na kazi ya aliyeisema, kisha ipeleke kwenye mabaraza ya Kiswahili, BAKITA au BAKIZA, au kwenye taasisi ya TATAKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.