Kuwasifu Wanaokopi

Ukitaka kumkera mwanamuziki, mwambie bendi yake ni ya kopi. Atacheka kidogo kwa adabu, lakini lile neno atakwenda nalo nyumbani. Mimi sioni tusi hapo. Anayesimama jukwaani usiku kucha akipiga nyimbo za watu, kila meza ikidai wa kwao, anafanya kazi ya sikio, na sikio halisomewi kwa wiki mbili.

Ushahidi nautoa mbali, Liverpool, Uingereza, kwa vijana ambao habari zao zimesimuliwa na karibu kila aliyepita katika bendi yao. Mwaka 1956 John Lennon, mwanafunzi wa shule ya Quarry Bank, alikusanya wenzake wakajiita The Quarrymen. Mtindo uliotamba wakati huo ulikuwa skiffle, wa akina Lonnie Donegan, na sifa yake kubwa ni kwamba haukuhitaji fedha. Lennon na Eric Griffiths walikuwa na magitaa ya bei poa, Rod Davis banjo, Colin Hanton ngoma. Pete Shotton alikwangua ubao wa kufulia huku amevaa subana vidoleni. Besi ilikuwa sanduku la chai lililochomekwa mpini na kufungwa uzi mmoja. Aliyewahi kucheza kidumbak Unguja hahitaji kuelezwa zaidi. Ni sanduku lile lile. Na kidumbak chenyewe, nani asiyejua, kimeishi kwa kuzichukua nyimbo za taarabu na kuzichangamsha.

Siku hizo kukopi kulikuwa na jasho lake. Lennon alifundishwa na mama yake, Julia, ambaye chombo chake kilikuwa banjo, kwa hiyo mtoto akalishika gitaa kwa mikao ya vidole ya banjo. Maneno ya nyimbo hayakuwa na mahali pa kusomwa. Wimbo unapita redioni, unadaka unachodaka, kilichobaki unajaza mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 6 Julai 1957, kwenye sherehe ya kanisa la St Peter's, Woolton. Lennon aliimba "Come Go with Me" wa The Del-Vikings, na sehemu kubwa ya maneno aliyatunga pale pale, uso mkavu, kama vile ndivyo yalivyoandikwa.

Miongoni mwa watazamaji alikuwapo Paul McCartney, umri miaka 15. Aligundua yale maneno siyo, na akapendezwa. Baadaye, ndani ya ukumbi, akaomba gitaa. Yeye ni wa mkono wa kushoto, gitaa ni la wa kulia. Akapiga hivyo hivyo "Twenty Flight Rock" wa Eddie Cochran, maneno yote mwanzo hadi mwisho. Na alijua kupatanisha nyuzi, jambo ambalo wenye bendi walikuwa wakimpelekea mtu mwingine awafanyie. Hapo Lennon alikuwa na mtihani: amchukue anayemzidi, au abaki yeye fundi wa kijiwe? Alimchukua, na kwangu mimi huo ndio uamuzi bora aliowahi kuufanya, nikizihesabu hata nyimbo zake.

Kuanzia hapo watu wakaanza kupukutika. Wapenzi wa dansi wa Dar es Salaam, ambao walimwona mwimbaji Gurumo akiiacha bendi ya Juwata na kwenda Mlimani Park, wamezoea kusikia kwamba mtu amehama kwa maslahi. Kwa The Quarrymen maslahi yenyewe hayakuwapo. Waliondolewa na sauti. Kopi zilipohama kutoka skiffle kwenda roki, banjo ya Davis haikuwa na pa kukaa. Ubao wa kufulia nao ukakosa kazi, na safari yake iliishia kichwani kwa Shotton, ambako Lennon aliuvunjia, kisha wakacheka wote wawili. Len Garry, mpiga sanduku, aliugua homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1958 McCartney akamleta George Harrison, mtoto kabisa machoni pa Lennon. Mtoto huyo alipiga "Raunchy" kwenye basi la ghorofa, noti kwa noti, na magitaa yakawa mengi. Aliyepungua ni Griffiths.

Simulizi ninayoipenda kuliko zote ni ya McCartney. Yeye na Harrison walisikia kuna mtu upande wa pili wa jiji anajua mkao mmoja wa vidole uitwao B7. Wakapanda basi, wakamfuata, wakaonyeshwa, wakarudi. Nauli ya kwenda na kurudi kwa mkao mmoja!

Mwaka huo huo wa 1958 walirekodi santuri yao ya kwanza, nakala moja tu. Upande mmoja ulikuwa kopi ya "That'll Be the Day" wa Buddy Holly na wenzake. Upande wa pili utunzi wao wenyewe. Baadaye bendi ikawa The Beatles, lakini hata albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1963, ina nyimbo 14, na 6 kati yake ni za watu. Shule hiyo hiyo ya kukopi aliipitia mzaliwa wa Unguja, Farrokh Bulsara. Alipokuwa mwanafunzi Panchgani, India, alipiga piano katika The Hectics, bendi ya shule iliyokopi akina Cliff Richard na Little Richard. Baadaye akajiita Freddie Mercury.

Nao wale walioachwa njiani? Mwaka 1997 Davis, Hanton, Garry, Griffiths na Shotton, sasa watu wazima, walikutana tena, wakalirudia jina la The Quarrymen na kuanza kuzunguka nchi mbalimbali wakipiga skiffle na roki ya ujana wao. Hawakuwa na haja ya kumthibitishia mtu chochote. Kwa hiyo Jumamosi hii ukiikuta bendi ya mtaani kwenu inapiga wimbo wa mtu, na ukaupata ulivyo, inuka ukamtunze mpiga solo.