Andrew Foster: Hesabu ya Shule Haitoshi

Karibu kila andiko nililosoma kuhusu Andrew Foster linatanguliza hesabu: shule 32 za viziwi katika nchi 13 za Afrika. Hesabu si ndogo, na sina nia ya kuipunguza. Ugomvi wangu ni na namna maisha ya mtu huyu yanavyosimuliwa, kama vile alikuwa mkandarasi: alifika, akajenga, akaondoka. Ukimsoma hivyo, kazi yake yenyewe inakupita.

Foster alizaliwa mwaka 1925 huko Ensley, Alabama, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Akiwa na miaka 11 homa ya uti wa mgongo ilimwondolea usikivu, yeye na ndugu yake. Akapelekwa shule ya watoto Weusi viziwi na vipofu. Sekondari aliimaliza kwa masomo ya posta. Chuo cha Gallaudet, Washington, ambacho kilikuwa chuo cha viziwi, kilimkataa kwa sababu ya rangi yake kabla ya kumpokea mwaka 1951. Mwaka 1954 akawa Mweusi wa kwanza kuhitimu pale.

Wasimulizi wengi hupita hapo mbiombio ili wafike Afrika. Mimi nadhani hapo ndipo pa kusimama. Chuo cha viziwi kilimfungia mlango kiziwi! Mtu aliyepitia hayo anajua kwamba kuwa na shule ni jambo moja, na kujua shule hiyo ni ya nani ni jambo lingine. Mwaka 1957, mwaka wa uhuru wa Ghana, alifika Accra na kuanza kufundisha katika madarasa ya kuazima, watoto wanaosikia wakisharudi makwao.

Kwa nini niyaandike haya nikiwa Mwisenge? Kwa sababu hapa tuna mfano wa kulinganishia. Mwaka ule wa 1936 Foster alipopoteza usikivu, kijana Kambarage Nyerere alikuwa mwanafunzi hapa Shule ya Msingi Mwisenge, alikoanza mwaka 1934 akitokea Butiama. Kiswahili alikipata shuleni. Lakini hakuja mtupu: alikuja na Kizanaki kizima, na misemo yake, utani wake na matusi yake. Lugha mpya ilipata pa kukalia.

Sasa mfikirie mtoto kiziwi wa wazazi wanaosikia, na viziwi wengi ndivyo wanavyozaliwa. Huyu anafika shuleni na ishara chache za nyumbani: kula, maji, njoo, lala. Kwake shule si mahali pa kuongezewa lugha ya pili. Ndiko anakoipata ya kwanza. Halafu mwalimu anamkalisha kutazama midomo na kulazimisha sauti, kama mkutano wa walimu wa viziwi wa Milan ulivyoazimia mwaka 1880. Shule zetu za mwanzo zilishika njia hiyo ya kusemesha, kuanzia ile ya Kanisa Katoliki iliyofunguliwa Tabora mwaka 1963. Alama zilikua bwenini na uwanjani, watoto wakifundishana wenyewe.

Foster alifundisha kwa alama, hadharani, darasani. Huo ni ubora wake wa kwanza. Wa pili ndio mkubwa, nao hauingii kwenye hesabu ya majengo: huko Ibadan, Nigeria, aliendesha mafunzo ya ualimu kwa viziwi wenyewe, waliotoka nchi mbalimbali na kurudi kwao kufundisha. Yaani mtoto ambaye pengine hajawahi kumwona kiziwi mtu mzima mwenye kazi yake, anamwona amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kuu ya Foster, na zile shule 32 ni mahali ilipofanyikia.

Lakini sifa zisitufumbe macho. Alama alizokuja nazo zilikuwa za Marekani, wakati Ghana hiyohiyo kulikuwa na kijiji cha Adamorobe, chenye lugha yake ya alama iliyozoeleka kwa viziwi na wanaosikia tangu vizazi vya nyuma. Wanaomtetea watasema mtoto mwenye njaa ya lugha hawezi kusubiri utafiti, na hapo nakubaliana nao. Hata hivyo, shule inayokupa lugha inaweza pia kukufanya uidharau mikono ya kijijini kwenu, na leo lugha ya Adamorobe inapungukiwa na watumiaji vijana. Sifa zinazolinyamazia jambo hili hazijamsoma Foster mzima.

Ila nao wanaomlaumu wanakosea wakiishia hapo. Mwaka 1963 Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar. Nani leo atasema kitabu kile ni cha Waingereza tu? Wanafunzi wa Foster nao waliyafanyia mambo yale waliyopewa: wakaongeza alama za vyakula vyao, za sokoni, za majina ya watu wao, hata Ghana na Nigeria zikawa na lugha zake. Tukimwita Foster mtoaji na wao wapokeaji, tunawanyang'anya kazi ya mikono yao.

Hapa kwetu tuna CHAVITA, chama cha viziwi kilichoanza miaka ya 1980, na tangu 2004 tuna kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania iliyoandaliwa na Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jirani zetu Kenya waliiingiza lugha yao ya alama kwenye Katiba ya 2010 kama mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Ni mambo ya maana. Lakini kamusi haisimami darasani, wala Katiba.

Foster alikufa Desemba 3, 1987, ndege ndogo aliyopanda kuelekea Kenya ilipoanguka Rwanda. Tangu 1992 tarehe hiyohiyo ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Itakapoadhimishwa tena hapa Musoma, tutasikia hesabu za shule na vitengo. Ningependa mtu anyooshe mkono aulize hesabu nyingine: Mara nzima ina walimu viziwi wangapi walioajiriwa, na wanafundisha wapi?