Anza na Pamba, Herufi Zitafuata

Vijana wengi wanaojitolea kuwafundisha wazee kompyuta na simu janja huanza na chombo chenyewe: hiki ni kioo, hii ni kibodi, hapa pa kuwashia. Baada ya nusu saa mzee amechoka, na hakuna alichokifanya kwa mkono wake. Kanda ya Ziwa ilishapata njia bora kuliko hiyo zaidi ya nusu karne iliyopita.

Mwaka 1968 serikali ya Tanzania na UNESCO walianzisha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, Kagera ya leo. Geita ilikuwa bado wilaya ya Mwanza. Mkulima alifundishwa kusoma kupitia kitabu cha pamba, mfugaji cha ng'ombe, mvuvi cha samaki. Somo lilianzia kwenye kazi anayoijua mtu, herufi zikafuata. Walimu wengi walikuwa wanakijiji wenzao waliojitolea kwa posho ndogo. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma; mtihani wa taifa wa 1975 ulikuta wamebaki asilimia 39. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa ana miaka sabini na kitu. Kwa hiyo wengi wa wazee tunaowaita wagumu kufundishika walishafundishika ukubwani.

Sasa chukua makazi ya wazee ya Kolandoto, Manispaa ya Shinyanga. Pamba ya leo ni ipi? Mwenye mwana machimboni Geita au Kahama atataka kusikia sauti yake. Lakini wengi hufika kwenye makazi kama haya kwa sababu hawana wa kuwatunza, na kwao somo la kupiga simu linaweza kuwa kidonda. Hao waulize wimbo. Ngoma za Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, zipo YouTube, na mzee aliyezicheza ujanani atakuwa na sababu ya kugusa kioo mara ya pili na ya tatu. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp nao una faida kubwa: hauhitaji herufi, na unapokea Kisukuma sawasawa na Kiswahili.

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Kioo cha simu janja hutambua mguso kwa kuwa ngozi hupitisha umeme. Kidole kilichoshika jembe miaka 50 ni kikavu na kina sugu, kwa hiyo kioo kinaweza kisikisikie. Kukilainisha kwa unyevu kidogo husaidia. Kidole kinachotetemeka hukawia juu ya kioo, simu ikadhani kimebonyeza kwa kushikilia, na menyu isiyotakiwa ikafunguka. Mzee hujilaumu, kumbe ni mpangilio tu: katika sehemu ya ufikivu kwenye Android muda huo unaweza kurefushwa, na maandishi yakakuzwa. Kazi hii ifanyike kabla ya somo. Mwenye mtoto wa jicho apelekwe kwanza hospitali, maana hakuna ukubwa wa herufi utakaochukua nafasi ya upasuaji.

Kanuni ninayoishikilia kuliko zote ni kwamba simu isitoke mkononi mwa mzee. Kijana akiichukua "nikuoneshe, mayu" (mama, kwa Kisukuma), ataimaliza kazi kwa sekunde kumi, na mayu hatakuwa amejifunza chochote. Aelekeze kwa mdomo, akae kimya, asubiri.

Pesa ndiyo sehemu ya hatari. Menyu za pesa kwa simu, zile za kubonyeza namba, hukatika usipojibu haraka, na mzee anayesoma polepole hujikuta amerudishwa mwanzo. Wengi hapo humkabidhi wakala au mjukuu simu pamoja na namba ya siri. Ni afadhali kuzoea mtiririko wa menyu kwa kuangalia salio, mara nyingi, kabla ya kugusa kutuma. Anapoingiza namba ya siri, msaidizi ageuze uso, kila mara, hata kama mzee mwenyewe anamwambia hana haja. Na ule ujumbe wa matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" usomwe naye kwa sauti siku ya kwanza kabisa ya somo la pesa, ajue unavyoanza, ajue unavyoharakisha, na wakubaliane ni mtumishi gani wa makazi atakayeulizwa kabla ya shilingi yoyote kutoka.