Mtandao umepotea: ni upi huo?

Ukiwa Kishushe, kule Taita Taveta, hutakosa kuisikia kauli hii: "Mtandao umepotea." Sina ugomvi na msemaji. Ugomvi wangu ni na sisi wanaistilahi tuliolibebesha neno moja mizigo mitatu. 'Mtandao' ni kampuni ya simu ("wewe uko mtandao gani?"), ni mawimbi yatokayo kwenye mlingoti, tena ni intaneti yenyewe.

Kimofolojia neno halina dosari. Limetokana na 'tanda', yaani kuenea. Matumizi ndiyo yanayotuponza. Chukua shule iliyowekewa waifai. Simu ya mwalimu inaonyesha imeunganishwa, lakini ukurasa haufunguki ng'o. Fundi anashikilia mtandao upo, mwalimu anasema haupo, na wote wawili wanasema kweli! Waifai ni mtandao wa ndani tu: huunganisha vifaa vya jengo moja kwa mawimbi ya redio, aghalabu ya gigahazi 2.4 au 5. Intaneti huletwa hapo kwa waya, setilaiti au mlingoti wa simu, na kiungo hicho kikikatika waifai huendelea kuonekana hai. Bluututhi ni ya masafa mafupi zaidi, mathalani simu na spika yake. Mtandao wa simu ndio unaoenea kilomita kadhaa, nao vilima huukinga.

Sasa mwananchi anayeomba cheti kupitia eCitizen akikwama, amlalamikie nani? Neno lenyewe halimwelekezi. Ningependa 'mtandao' ubaki jina la mfumo wa vifaa vilivyounganishwa, 'intaneti' iitwe intaneti, na mawimbi yaitwe mawimbi, au 'netiweki' kama wasemavyo vijana. (Najua wapo watakaonuna.)

Kuhusu kukosa waya, wazee wetu walisema 'simu ya upepo', na walieleweka. Baadhi ya simu zilizowekwa Kiswahili leo huandika 'mtandaopepe'. Linavutia sikio, ila 'pepe' tulishaiajiri katika 'barua pepe', na barua hiyo hupita hata kwenye nyaya za chini ya bahari, bado ikaitwa pepe. Kwa hiyo halimwambii msomaji kwamba waya haupo. Afadhali 'mtandao usiotumia waya', hata kama ni refu.

Na wanaotaka kuitafsiri Wi-Fi? Hilo ni jina la kibiashara lililobuniwa 1999, wala si kifupisho cha chochote. 'Waifai' inatosha.