Ethi Haikatwi

Mtazame fundi mitambo hodari akifika ukumbini mchana. Kabla hajagusa spika hata moja, anaiendea soketi na mita yake. Anapima waya wa moto na nyutro, kisha waya wa moto na ethi, kisha nyutro na ethi. Vipimo viwili vya kwanza vikikaribia volti 230, na cha tatu kikiwa volti chache tu, anaendelea. Cha tatu kikipanda, hachomeki kitu mpaka sababu ijulikane.

Ekstensheni ya kuviringisha anaikunjua yote, kwani waya ukibeba mzigo mkubwa ungali umeviringwa hupata moto hadi ganda likayeyuka. Mikisa na amplifaya anazipa umeme kutoka sehemu moja. Zikichomekwa pembe mbili za ukumbi, ethi zake pamoja na waya wa sauti hufanya mzunguko. Mkondo mdogo hupita humo, na spika zikaanza kuvuma, mvumo mzito wa hezi 50 na wa hezi 100.

Hapo ndipo ufundi unapopimwa. Wapo wanaokata ethi ya plagi, na kweli mvumo hukoma. Lakini ethi ndiyo njia ya umeme unaovuja. Ikishakatwa, hitilafu ndogo ndani ya amplifaya yatosha kutia umeme kwenye bati lake na kwenye nyuzi za gitaa. Mei 1972, mjini Swansea, Wales, Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, aligusa maikrofoni isiyo na ethi akiwa jukwaani, akapigwa na umeme na kufariki.

Fundi ninayemhusudu huuvunja mzunguko ule upande wa sauti. Hutumia transfoma ya kutenganisha, au kisanduku cha DI, kile kinachounganisha ala na mikisa, chenye swichi ya kuachanisha ethi ya waya wa sauti. Ethi ya umeme haigusi kamwe. Juu ya hayo, umeme wa jukwaa huupitisha kwenye swichi inayojikata mkondo wa miliampea 30 ukivuja.

Usiku watu watamshangilia mwimbaji, na ni haki yake. Lakini mwimbaji anayeshika gitaa huku midomo ikigusa maikrofoni amemkabidhi fundi huyu roho yake. Fundi anayeilinda amana hiyo, hata pale njia ya mkato ingempa ukimya ndani ya dakika moja, anastahili kulipwa na kuheshimiwa kama msanii.