Mkono Wenye Omena

Fundi ninayemsifu hapa hana cheti ukutani. Ni mzee anayefunza mbwa wa ulinzi pembeni mwa mji wa Kitale, ukishika njia ya Kiminini, na vifaa vyake vyote vinaenea mfukoni mwa koti: kamba laini ya katani, na omena zilizokaushwa, zimefungwa kwa gazeti. Wateja wake ni wenye stoo za mahindi. Oktoba ikifika, mavuno yakianza Trans Nzoia nzima, wanakumbuka kwamba soja mmoja na rungu lake hatoshi.

Mimi nilikulia upande wa Bungoma, karibu na Chwele, na kwetu mbwa alifunzwa kwa fimbo. Mchana kutwa alifungiwa kibandani, usiku akafunguliwa na njaa yake, na waliotaka awe mkali zaidi walimtilia pilipili kwenye ugali. Sheria ya Kenya, Sura ya 360, inakataza ukatili kwa wanyama, lakini sikumbuki mtu yeyote aliyeitaja kijijini. Nilikuwa na mbwa wangu, Simba. Siku moja alimuua kuku wa jirani. Nilimwita. Akaja mbio, mkia ukitikisika, nami nikamchapa mpaka mkono ukachoka. Tangu siku hiyo, kila nilipomwita alisimama hatua kumi kutoka kwangu, masikio yamelala, asikaribie. Nilidhani ni kiburi.

Miaka mingi baadaye nilimsimulia mzee kisa hicho. Akaniuliza: "Fimbo ilimpata akifanya nini?"

"Akija," nikasema.

"Basi ulimfunza asije, mwanangu. Na alishika somo vizuri."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nirudi kwake mara kwa mara, kukaa juu ya gogo na kutazama. Asubuhi moja alikuwa na chotara wa miezi mitano, mwenye shingo nene na akili isiyotulia. Mzee alisimama tu, kamba imelegea mkononi. Mbwa alinusa majani, akavuta kuelekea kwa kuku, akabwekea pikipiki iliyopita. Mzee kimya. Kisha mbwa akageuza macho kumtazama, kufumba na kufumbua. "Ndio!" Neno lilitoka wakati macho yao yanakutana, na omena moja ikafuata. Moja, si konzi. Baada ya robo saa, yule mbwa mwenyewe alikuwa anayatafuta macho ya mzee, na kuku wanapita mbele yake.

Ufundi wote uko katika lile neno. Mkono una mwendo. Ukichelewa hata kidogo, mbwa ameshanusa kitu kingine, na zawadi inalipa kazi nyingine. Neno halina mwendo. Mzee hulitumia kwa kazi hiyo peke yake, na hajapata kulitamka bila kulipa. Fimbo, kwa kawaida, hufika imechelewa, kama ilivyochelewa yangu.

Nilipokwenda kusoma zaidi, nilikuta mbinu hiyohiyo Morogoro, na kwa mnyama ambaye hakuna mtu angemdhania. Shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, linafunza panya buku katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu mwaka 2000. Panya akinusa baruti, au kohozi lenye kifua kikuu, na kulionyesha, kidude kinalia "ka!" kisha anapata ndizi. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Ni panya wa kwanza kuipata. Fimbo ingemfunza panya huyo nini? Kujificha.

Sisemi fimbo haina nguvu. Inanyamazisha haraka, na ndiyo maana watu wanaipenda. Mjerumani Konrad Most aliandika mwaka 1910 kitabu cha kufunza mbwa wa polisi kwa kulazimisha, na mbwa wake walitii. Lakini fikiria mbwa anayemngurumia mtoto aliyemshika mkia. Tunampiga kwa kunguruma. Hofu yake iko palepale; tulichokiondoa ni onyo lake, na safari ijayo atauma kimya. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Porto, Ureno, walitangaza matokeo ya kuchunguza mbwa 92. Mbwa wa shule zilizotegemea zaidi adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, na homoni yake ikapanda mateni mwao baada ya mafunzo. Walipowekewa bakuli mahali wasipopazoea, walilikaribia polepole kuliko wenzao, kama wasiotarajia kheri. Niliposoma hapo nilimwona Simba, hatua kumi mbali.

Pingamizi moja lina uzito, na nililisikia kutoka kwa tajiri mmoja wa mahindi: mbwa aliyefunzwa kwa omena, mwizi si atamnunua kwa nyama? Tena nyama yenye sumu, maana ndivyo wezi wa huku wanavyofanya. Mzee hakubishana naye. Alikunja ngumi ya kushoto, ndani yake kipande cha nyama, akampelekea mbwa puani. Mbwa akanusa, akalamba, akakwaruza kwa ukucha. Ngumi haikufunguka. Mwishowe mbwa akachoka, akageuza shingo pembeni. "Ndio!" Na omena ikatoka mkono wa kulia. Alirudia kwa wiki kadhaa: yeye, kisha mwanawe, kisha mgeni asiyejulikana, kisha nyama iliyotupwa chini nje ya ua. Mbwa akajifunza kwamba kukataa kunalipa kuliko kunyakua. Yule wa kibandani, aliyeshinda na njaa, ndiye wa kununuliwa kwa mfupa mmoja.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na siku hizi methali hiyo tumeiachia watoa hongo. Kwa mzee bado ina maana yake ya kwanza, ulimi na kiganja.

Mara ya mwisho nilimwona siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huo kufikia 2030, na ili kuukatiza lazima mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Chini ya mti walikuja watu wengi mikono mitupu. "Wangu hashikiki, daktari," walisema, mmoja baada ya mwingine. Yule chotara alifika akitembea ubavuni mwa mzee, kamba imelegea. Sindano iliingia, ngozi ya bega ikatetemeka. "Ndio," mzee akasema kwa sauti ya chini, na omena ikafuata. Mbwa akaimeza, kisha akainua pua kuunusa mkono wa daktari.